Fomu ya Watoto Wawili

Watu wa mji wetu, Kot Miran, wanasema uzee umenipanda kichwani. Sababu yao ni ndoo. Nyuma ya mashine yangu ya fotokopi naweka ndoo ya maji, na karatasi yoyote inayotoka imepinda, imefifia, au mteja kaikataa, naitumbukiza humo ilowe mpaka iwe uji, ndipo naitupa. Yaqub, muuza bajia wa ng'ambo ya barabara, ananicheka kila asubuhi. "Mzee Rafaqat, leo unapika nini?" Namwambia anipishe. Tuko watu watatu tu tunaojua ndoo ile ilikujaje, na Yaqub ni mmoja wao. Angekuwa na haya asingecheka.

Duka langu liko hatua thelathini kutoka ofisi ya vitambulisho, na nimekaa hapo miaka ishirini na miwili. Nchi yetu haikuamini mpaka utoe karatasi, na karatasi moja haitoshi, zinatakiwa nakala tatu, zote zigongwe muhuri na afisa ambaye siku hiyo hayupo. Ukizaliwa nakala, ukichanjwa nakala, ukitaka umeme nakala. Silalamiki, ndiyo riziki yangu. Kinachonikera ni mtu kunisimamia begani akiniambia "ongeza wino kidogo", utadhani napika mchuzi.

Mashine niliyokuwa nayo zamani ilikuwa na mkwaruzo kwenye kioo. Kila nakala iliyotoka ilikuwa na mstari mwembamba mweusi upande wa kushoto, kutoka juu mpaka chini, na karibu na mwisho ulikatika kidogo halafu ukaendelea. Mwaka wa kwanza wateja walinung'unika, kisha wakazoea. Mimi mwenyewe hata nikaacha kuuona.

Karatasi zilizoharibika nilikuwa nampa Yaqub. Hilo halikuwa jambo la ajabu. Mji mzima bajia zilifungwa kwa karatasi kama hizo, mitihani ya shule, stakabadhi za hospitali, nakala za vitambulisho. Umeshawahi kula bajia ya kitunguu ukakuta uso wa jirani yako chini yake, umeingia mafuta? Mimi nimeshakula. Tulikuwa tunacheka tu. Yaqub alikuwa akichukua rundo langu kila wiki, na Ijumaa ananiletea bajia za moto na chatini.

Sasa Sughra. Sughra ni mjane wa marehemu Allah Ditta, nyumba ya tatu kutoka kwangu, mshonaji wa sare za shule. Kusoma hajui, lakini ukimpa kitambaa atakuambia kimepungua vidole vingapi kwa kukitazama tu. Ana binti mmoja, Tehmina, miaka kumi na minne wakati huo, mkali wa hesabu. Na alikuwa na mtoto wa kiume, Mudassir, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka minne, miaka miwili kabla Tehmina hajazaliwa.

Kwetu mtoto akifa hatumzungushi kwenye maofisi. Anaoshwa, anaswaliwa, anazikwa jua halijatua. Hakuna urithi wa kugawa wala pensheni ya kudai, kwa hiyo nani aende ofisi ya kata kuomba cheti cha kifo? Hakuna. Tehmina alipozaliwa, baba na mama walikwenda kumwandikisha. Karani akaona kwenye kompyuta jina la Mudassir, akauliza, "Huyu wa kwanza yupo?" Allah Ditta akamtazama mkewe. Sughra akasema, "Andika wote wawili." Ikatoka fomu moja ya familia, watoto wawili, kila mmoja na namba yake.

Aliniambia mwenyewe, siku moja alipoleta fomu ile niitolee nakala. "Hapa angalau wanakaa pamoja, kaka Rafaqat." Sikumwona mjinga. Nani alikuwa anaumia? Tangu hapo kila mwaka aliileta, mara shule wanataka, mara wa chanjo wanataka, na mimi naitoa, moja, mbili, tatu, na ile inayoharibika naitupa pembeni kwa Yaqub.

Jumatatu moja ya mwezi wa Machi alikuja dukani mbio, shungi limemteleza, rangi imemtoka. Alikuwa ametoka foleni ya wanawake ya ofisi ya vitambulisho. Tehmina alitakiwa kuandikishwa kwa mtihani wa darasa la tisa, na bodi ya mitihani ilitaka fomu mpya yenye picha ya mtoto. Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa. Na shemeji yake Sughra alishatangaza, mwaka ukimpotea binti huyu, basi akae nyumbani ashone na mama yake, masomo yametosha.

"Twende ukanisomee," akaniambia. "Wanasema Mudassir ana kesi ya polisi."

"Mudassir yupi?"

"Wangu."

Nikafunga duka, na wateja wawili wakanitukana.

Meneja wa ofisi, Tanvir, ni kijana mwenye adabu lakini anazungumza kwa haraka, utadhani nyumba yake inaungua. Akatukalisha. "Mama, mwanao Mudassir alipotimiza miaka kumi na minane alichukua kitambulisho. Kitambulisho hicho kimesajili laini tano za simu. Watu wanapigiwa, wanaambiwa wameshinda zawadi, wanaliwa fedha zao. Polisi wameleta barua. Kompyuta imefunga familia yote, wewe na binti, mpaka ijulikane kinachoendelea."

Sughra akauliza, "Mwanangu yuko wapi sasa?"

"Ndilo tunalokuuliza wewe."

"Picha ipo?"

"Ipo."

"Naomba niione."

Tanvir akageuza kioo cha kompyuta. Sughra akainuka, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Pale alikuwepo kijana wa miaka ishirini, sharubu changa, shati la buluu. Nilijua anachokitafuta, na nilishindwa kumtazama. Roho iliniuma, sifichi.

"Ana urefu gani?" akauliza.

"Hapa haijaandikwa, mama."

Akaendelea kutazama. Nilianza kuogopa kwamba atasema ndiye. Kisha akarudi kukaa. "Masikio si yake. Ya Mudassir yalibana, ya baba yake. Huyu mimi simjui."

Tanvir akashusha pumzi. Mimi nikauliza swali la kitaalamu, maana ndiyo kazi yangu. "Huyu mtu alileta karatasi gani hata akapewa?"

Akafungua jalada. "Alijiandikisha mji mwingine, mbali. Alileta barua ya shahidi yenye muhuri, na muhuri tumeshajua ni wa bandia. Na alileta hii, nakala ya fomu ya familia, ndiyo iliyompa majina na namba zote." Akanipa karatasi.

Kwenye pembe ya juu kulikuwa na doa la mafuta. Upande wa kushoto kulikuwa na mstari mweusi, juu mpaka chini, na karibu na mwisho ulikatika kidogo halafu ukaendelea.

Nikapitisha kidole juu ya mstari.

"Unaijua, mzee?" Tanvir akauliza.

"Hapana," nikasema. Niliongopa mchana kweupe, mtu mzima na ndevu zangu. Sughra alikuwa ameinamia karatasi ile mkononi mwangu, anaiangalia. Nilijipa moyo kwamba hajui kusoma.

Tanvir akageukia kwake, safari hii polepole. "Mama, nisamehe kwa swali hili. Mwanao wa kweli yuko hai?"

Nikamjibia mimi, "Alifariki. Miaka kumi na sita sasa."

"Basi nileteeni cheti cha kifo kutoka kata. Namba yake ikifa, kitambulisho cha huyu tapeli nacho kinakufa, na familia inafunguka papo hapo. Bila cheti ni uchunguzi, na uchunguzi ni miezi."

"Usajili wa mtoto ni Ijumaa," nikasema.

"Basi Ijumaa kabla ya swala. Baada ya hapo sina la kufanya."

Sughra alitoka bila kuaga.

Mimi nikavuka barabara moja kwa moja. Yaqub alikuwa anakoroga unga wa dengu.

"Yaqub, karatasi zangu unazifanyia nini?"

"Ala! Nafungia bajia. Ulitaka nizitundike ukutani?"

"Zote?"

Akakuna kidevu kwa bega, mikono ikiwa na unga. "Sasa hivi zote. Mwaka juzi kulikuwa na kijana akija, anachagua chagua zako, ananiachia magazeti kilo kwa kilo. Nikasema huyu kichaa, nikamshukuru Mungu. Gazeti halipitishi mafuta hivyo."

"Alikuwa anachagua zipi?"

"Zenye watoto. Alisema dada yake ni mwalimu, anawafundishia wanafunzi kujaza fomu."

"Na wewe ukaamini! Una kichwa au una chungu?"

Akaacha kukoroga. "Mzee, usinipandishie. Wewe ulikuwa unanipa rundo zima na huulizi kitu. Mimi angalau nilipata magazeti."

Nilirudi dukani nikawatolea watu nakala mpaka jioni, na kila iliyotoka niliuona mstari ule.

Jumanne Sughra hakwenda kata. Jumatano asubuhi hakwenda. Alasiri nikabisha kwake. Cherehani ilikuwa inakimbia, na sare za kijani zilirundikana mpaka dirishani.

"Dada, siku zinakwisha," nikasema.

"Nazijua siku."

"Shekhe wa msikiti yuko tayari kuwa shahidi. Na mimi nipo. Ni kidole tu, dakika tano."

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Nikiweka kidole pale nimemzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu."

"Alikwisha kufa, Sughra."

"Najua amekufa!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti, kabla ya siku ile wala baada yake. "Nimemwosha mimi. Unaniambia mimi amekufa? Nilimwachia jina tu. Nguo zake nilizigawa, viatu vyake alivaa mtoto wa wifi yangu. Jina peke yake ndilo nililolificha, tena nikalificha serikalini, nikadhani huko haliibiwi. Kumbe nimeliacha mlango wazi!"

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Ulimi nilikuwa nao, maneno nilikuwa nayo, nikajitia hamnazo. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tehmina alikuwa mlangoni na mkoba wake wa shule, amesikia yote. Akavua viatu, akaja kukaa karibu na mama yake.

"Mama, mimi kaka sijamwona. Namjua kwenye fomu tu. Shuleni wakiniuliza una ndugu, nasema ninaye, mkubwa."

"Unasema hivyo?"

"Ndiyo. Nikiwa mdogo nilikuwa nawatishia wenzangu kwamba atakuja kuwapiga." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini aliye kwenye kompyuta sasa si kaka. Ni mwizi. Anawapigia kina mama wa watu, anawalia akiba zao, halafu wakimlaani wanamlaani Mudassir bin Allah Ditta. Unataka huyo ndiye akae na mimi?"

Sughra akamgeukia. "Umejifunzia wapi mdomo huo?"

"Kwako."

"Nenda kakoroge chai."

Binti akaenda jikoni. Sughra akachukua sare moja, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Kaburi lenyewe nani anakumbuka lilipo?" akauliza. "Hatukuweka jiwe."

"Mimi nakumbuka. Nilishika koleo."

"Basi kesho."

Alhamisi tulikuwa kata asubuhi na mapema, mimi, yeye na shekhe. Karani alikuwa na mafua na haraka. Akauliza jina, akauliza la baba, akauliza sababu. Akauliza tarehe ya kifo, na akanyanyua kalamu kusubiri, maana watu huwa wanahesabu kwa misimu na sikukuu. Sughra hakuhesabu. Akataja siku, mwezi na mwaka, kisha akaongeza, "Baada ya alasiri." Karani akasema saa haihitajiki. "Andika," Sughra akasema, na karani akaandika pembeni. Sughra akabonyeza kidole kwenye wino, akabonyeza kwenye karatasi, akakifuta kwa shungi. Shekhe na mimi tukasaini.

Ijumaa saa nne tulikuwa mbele ya Tanvir. Akaingiza cheti, akapiga vidole kwenye kompyuta, akangoja, akapiga tena. "Imekubali," akasema. "Kitambulisho cha tapeli kimekufa, na laini zake tano zinazimwa leo." Mashine ikatoa fomu mpya. Tehmina alipigwa picha, akatoa ulimi kwanza, akakemewa, akapigwa nyingine. Fomu ilikuwa na mtoto mmoja. Akaichukua kwa mikono miwili, akatutazama, akatoka mbio kuwahi shule kabla ya adhana. Baadaye nilisikia alikuwa wa mwisho kwenye orodha, jina lake limebanwa chini kabisa ya ukurasa. Shemeji mtu alikaa kimya.

Fomu ya zamani Tanvir alitakiwa aigonge muhuri wa kufutwa na kuiweka kwenye jalada. Sughra akaizuia kwa kiganja. "Nipe dakika kumi. Nataka nakala, nairudisha."

"Ya nini tena, mama? Haina kazi."

"Ya kwangu."

Tanvir akatazama saa, akatazama mkono ule juu ya karatasi. "Mzee Rafaqat, wewe ndiye mdhamini wake. Dakika kumi."

Tukaenda dukani. Nikafungua, nikawasha mashine, nikasubiri ipate moto. Sughra alisimama begani kwangu, kama wote wanavyosimama, lakini yeye hakuniambia niongeze wino. Nikailaza fomu kwenye kioo. Nakala ikatoka, na mstari wangu ukiwa pale pale, umepita karibu na jina la Mudassir, umekatika kidogo chini, umeendelea. Nikaikunja haraka, nikaitupa kwenye rundo la pembeni. Mkono ulifanya hivyo wenyewe, mazoea ya miaka.

"Hiyo imeharibika," nikasema. "Subiri nikupe nzuri."

Nikasogeza fomu kulia kwa vidole viwili ili mkwaruzo uangukie nje. Nakala ya pili ikatoka safi, majina yote mawili meusi na wazi. Nikampa. Aliipokea, akaitazama juu mpaka chini, kisha akanyoosha mkono mwingine.

"Na ile nyingine."

"Ile mbovu, dada."

"Najua. Nipe." Hakupaza sauti hata kidogo. "Kusoma sijui, kaka Rafaqat, lakini mstari wako naujua. Miaka kumi na minne nauona kwenye karatasi zangu. Na Jumatatu niliuona kwa Tanvir."

"Ulijua toka Jumatatu?"

"Nilikungoja useme."

Nikainama kwenye rundo, nikaitafuta, nikaikunjua kwa kiganja, nikampa. Nilimwomba msamaha, na maneno yalitoka vibaya, nusunusu, sitayarudia hapa. Aliyasikiliza mpaka mwisho. Hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Alikuwa anatazama rundo, ambalo lilikuwa limepanda mpaka magotini, la wiki nzima, fomu za watu wa mji huu.

"Na wa wenzangu je?" akauliza. "Uliwapeleka wangapi kwa Yaqub?"

Nikamwambia sijui, na ndivyo ilivyo, sijui mpaka leo.

Akakunja nakala zote mbili pamoja, akaziweka kifuani chini ya shungi, akachukua fomu ya asili, akavuka kwenda kuirudisha. Saa hiyo Yaqub akaingia na bajia za Ijumaa, za moto, zimefungwa kwenye karatasi. Nikazimwaga mezani, nikaikunjua ile karatasi na kuipangusa mafuta. Ilikuwa na mstari wangu kushoto, na watoto watatu wa mtu fulani wa mtaa wa nyuma, majina yao, tarehe zao na namba zao.